Ajwang na Kundi la Vitabu la Longech

Ukitaka samaki mkavu wa maana Longech, patana kwanza na Ajwang. Samaki si wake, biashara hiyo aliiacha. Lakini wavuvi hukaa kwenye kivuli cha maktaba yake, simu zao huchajiwa kwa sola ya maktaba yake, na bei tunaibishania mlangoni pake. Ukikosana naye unarudi Lodwar na magunia matupu. Mimi sijakosana naye. Nanunua Longech, nauza Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa Wakongo, watu ambao huwezi kuwadanganya kuhusu samaki, na katika safari hizo nimemwona mwanamke mmoja akifuga vitabu.

Nasema akifuga kwa sababu hakuna neno lingine.

Alikuja kutoka Homa Bay na mume aliyekuwa fundi wa injini za boti. Mume akarudi kwao kutafuta vipuri, na vipuri hivyo anavitafuta mpaka leo. Ajwang akabaki na kibanda, karai la kukaangia na kufuli kubwa. Ziwa lilipopanda lilichukua kibanda na karai. Kufuli likabaki. Ndipo shirika moja lenye ofisi Lodwar lilipoleta kontena la vitabu, likalikata madirisha, likaanza kutafuta mkutubi. Waliohojiwa waliulizwa kama wanapenda kusoma. Wote walisema wanapenda kusoma sana. Ajwang alisema anapenda kitu kikitoka kirudi, akaweka kufuli mezani.

Kazi ilikuja na chumba nyuma ya kontena, mahali palipoinuka ambapo maji hayajafika. Hicho ndicho kilichokuwa mshahara wake hasa. Ardhi kavu Longech ni ya kugombania kila ziwa linapovimba, na mtu wa kuja hana ukoo wa kumkatia kipande. Maktaba ikiondoka, chumba kinaondoka nayo, na Ajwang anabaki na kufuli lisilo na mlango. Hilo alilijua kila asubuhi alipoamka, na mimi nililijua pia, maana mtu mwenye hofu ya kupoteza mahali ni mtu wa kufanya naye biashara.

Mwanzoni vitabu vilitoka havikurudi. Kimoja kilienda Lokori na mwenye kukiazima, kwenye harusi, kikakaa huko kama mgeni. Ajwang akiuliza, watu walishangaa. Umenipa, sasa unanidai? Basi akafanya kile ambacho muuzaji yeyote mwenye akili hufanya. Akazungumza lugha ya mteja. Alisimama mlangoni siku ambayo boti hazikutoka kwa sababu ya upepo, watu wakiwa wamejaa.

"Sikilizeni. Hii kitabu ni kama mbuzi ya kukopeshwa. Unakaa nayo, unakunywa maziwa, lakini mwenyewe ni mwingine. Siku ikifika, unarudisha kwa mwenyewe."

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" mtu akajibu, na wenzake wakacheka.

Vitabu vikaanza kurudi. Kile cha Lokori kilirudi na lori la mbuzi, kimefungwa kwa kamba. Ajwang alijisifu kwangu wiki nzima. Mfano wa mbuzi ulikuwa umefanya kazi. Shida ni kwamba hakuufikiria mpaka mwisho.

Wa kwanza kumwonyesha mwisho wa mfano huo alikuwa Mzee Lopeyok, mvuvi mwenye boti yake, ambaye mbuzi wake wanachungwa na ndugu zake huko bara. Alikuwa ameazima kitabu cha magonjwa ya mifugo, binti yake akimsomea. Mvua ziliponyesha na kuisha, akaja.

"Ejoka, madam."

"Ejok, mzee. Umemaliza?"

"Nimemaliza. Huyu ni mama." Akaweka kitabu mezani. Kisha akatoa kijitabu kingine kwapani, cha maelezo ya injini ya boti, kimelowa mafuta mpaka herufi zinang'aa. "Na huyu ni mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa huyo mama. Si ulisema ni mbuzi? Nimekaa naye tangu kiangazi. Mbuzi ya watu ikikaa kwangu hivyo na irudi peke yake, watasema Lopeyok amekula mtoto."

"Mzee, kitabu haizai."

Wavuvi waliokuwa mlangoni wakasogea ndani. Lopeyok akaketi kwenye kigoda chake polepole, kama mtu anayejiandaa kwa kesi.

"Kwa hivyo ulinipa tasa," akasema.

Nilikuwepo. Nilimwona Ajwang akipima. Akikataa kile kijitabu, ama amemwita mzee mwizi, ama amekubali mbele ya watu kwamba shirika limeleta Longech kundi la tasa. Akakichukua, akakigonga muhuri.

"Amezaa vizuri," akasema. "Afya iko."

"Muhuri weka kwa sikio," Lopeyok akamwelekeza. "Hapa kwa pembe ya juu. Unaweka alama katikati ya tumbo, wewe ulionea wapi?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kurudisha kitabu peke yake. Aliyejaribu alitazamwa. Kijana mmoja, Ekal, alirudisha kitabu cha hesabu bila mtoto, akaambiwa na shemeji yake hapo hapo mlangoni, "Ulimpeleka malisho gani wewe?" Alirudi kesho yake na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Ajwang akaigonga muhuri sikioni, akaiweka rafuni chini ya mama yake.

Karatasi zilizochapishwa hazikuwa nyingi Longech. Hapo ndipo nilipoingia mimi, na siwezi kusema niliingia kwa kupenda elimu. Mvuvi aliniambia anataka kitu chochote chenye maandishi, atanipa samaki. Lodwar kuna vitu vyenye maandishi vya kujaza lori: vipeperushi vya uchaguzi, karatasi za nyimbo za kwaya, miongozo ya jenereta, matangazo ya mbegu za mahindi mahali ambapo mahindi hayaoti. Vilivyopungua nilivipata Kakuma kwa Dieudonné, Mkongo anayenunua samaki wangu na kuuza kila kitu kingine.

"Patron, bitabu iko," aliniambia. "Lakini ya Kifaransa ndiyo iko mingi. Utakamata?"

"Wanasoma Kifaransa Longech?"

"Kwani ya Kiswahili wanasoma?"

Nikakamata. Lakini wateja wa Longech ni wateja wa mifugo, na mtu aliyezoea kukagua mbuzi humwuzii ovyo. Walitaka mtoto afanane na mama. Mama mmoja aliyeazima kitabu kinene cha sayansi alikataa kipeperushi nilichompa. "Mnyama mkubwa hivi azae kitu kama hii? Wataniuliza baba ni nani." Nikampa mwongozo wa friji, wenye picha za nyaya. Akaulinganisha na kitabu, ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa. "Macho ni ya mama yake," akasema, akanipa ngege wawili wakubwa kuliko tulivyopatana.

Kesi nazo zikaja. Ekal na shemeji yake walikaa na kitabu kimoja kwa zamu, kisha wakagombania nani aseme mtoto alizaliwa kwake. Ajwang aliwasikiliza, akawaambia mtoto ni wa maktaba, wagombanie nje. Waligombania nje. Kitabu kingine kilianguka ziwani boti ilipopigwa na wimbi. Mwenye kukiazima hakuja mikono mitupu wala hakuja na maneno. Alikuja na ngozi. Alikuwa ameokota jalada, akalichuna vizuri, akalitia chumvi, akalianika pamoja na samaki, akaleta ushahidi kwamba kitabu kilikufa na hakukila. Ajwang akalitundika ukutani kwa msumari. Msimu wa upepo ulipoisha, kulikuwa na majalada kadhaa pale, yenye harufu yake.

Kitu kimoja tu hakikuzaa, nacho ni kamusi. Lopeyok alikuwa ameikagua siku nyingi, akaigeuza, akaipima uzito, akatangaza kwamba hii ni dume. Ilikuwa na shingo nene, haina hadithi tumboni, inapiga tu kelele ya maneno. Dume halirudi na mtoto. Basi kila asiye na samaki wa kununulia mtoto wa kitabu akaazima kamusi, maana ndiyo pekee iliyorudi bila gharama. Ilizunguka Longech kama redio. Na kwa kuwa watu walianza mwanzoni na kunyang'anywa kabla hawajafika mbali, ungeweza kujua mtu alikaa nayo muda gani kwa matusi yake. Vijana wa boti walikuwa bado kwenye A na B.

"Abadani!" wangesikika wakipigiana kelele majini. "Vuta kamba, baradhuli wewe!"

"Acha bughudha, ajuza!"

Lopeyok, ambaye hakuna aliyeweza kumharakisha, alikuwa amefika GH.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa Byron alipokuja kukagua.

Byron alikuwa afisa wa shirika, kijana kutoka Nakuru, mwenye viatu vyeupe alivyovishika mkononi wakati boti ilipomshusha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa, na wakubwa walikuwa wamemtuma na agizo moja: vitabu vilivyopo vilingane na vilivyoletwa, la sivyo kontena lihamishwe Lodwar, mahali ambapo gari linaweza kulifikia. Ajwang alijua agizo hilo tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameliweka nyuma ya kichwa, kwa sababu agizo lilizungumzia kupotea, na kwake hakikupotea kitu.

Byron alihesabu. Akahesabu tena. Akatoka nje akanywa maji, akarudi akahesabu kwa kugusa.

"Madam, vimezidi."

"Vimezidi kidogo."

"Vimezidi mara mbili na zaidi! Vimetoka wapi?"

"Vimezaa," Ajwang akasema, maana alikuwa amechoka na joto.

Byron akamtazama, akatazama ukuta. "Na hizo ni nini?"

"Waliokufa."

Akaketi. Mimi nilikuwa mlangoni na gunia langu, nikamwonea huruma kidogo, si nyingi. Alieleza kwamba kitabu kikipotea ana mahali pa kuandika: mchwa, mafuriko, wizi. Kikizidi hana mahali. Kikizidi maana yake kimeibwa kwa mtu mwingine, shuleni au kanisani, na shirika lake haliwezi kukaa na mali ya wizi. Vilivyozidi viondolewe kabla hajapanda boti ya jioni. Ama viondoke, ama kontena liondoke.

"Basi ondoa," Ajwang akasema. "Chagua."

Byron akachukua kitabu, akafungua. Kina muhuri. Akachukua kalenda. Ina muhuri, sikioni. Akachukua karatasi za kwaya. Zina muhuri. Hata tangazo la mbegu lilikuwa na muhuri wa maktaba, safi, limewekwa na mkutubi aliyeajiriwa na shirika lake mwenyewe.

Wakati huo habari ilikuwa imeshatoka. Longech haihitaji simu. Walianza kuja, wavuvi, wanawake wenye mabeseni, wazee na vigoda vyao, wakajaa mbele ya kontena. Ajwang alidhani wamekuja kumtetea. Nilimwona akijinyoosha. Lakini Lopeyok alimpita, akaenda moja kwa moja kwa Byron, akampa mkono.

"Ejoka. Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mwenyewe wa nini, mzee?"

"Wa kundi. Tumechunga muda mrefu hatujui ni za nani. Tuliambiwa tu kuna mwenyewe Lodwar."

Byron akamwangalia Ajwang. Ajwang akaangalia ziwa.

"Ni za shirika," Byron akasema. "Mimi ni mwakilishi."

"Basi umeona zimeongezeka. Hakuna mtu alikula mtoto. Waliokufa, ngozi iko." Lopeyok akageuka kwa watu, wakaitikia. "Sasa mwenyewe akikuja na akute kundi limekua, anajua desturi. Mchungaji anapewa jike moja, ya asante. Tuko hapa kwa hiyo."

"Mnataka... vitabu?"

"Moja moja. Hatuna tamaa."

"Mzee, hiyo haiwezekani. Mali ya shirika haigawiwi."

Lopeyok akamkazia macho. "Usinighilibu, kijana."

Byron akamgeukia Ekal. "Ameniambia nini?" akauliza.

"Iko kwa kamusi," akasema Ekal. "Mimi sijafika huko."

Watu wakaanza kunung'unika, na manung'uniko ya watu waliochunga bure si kitu cha kusimama katikati yake. Ajwang alikuwa amekauka. Upande mmoja kuna afisa anayetaka vilivyozidi viondoke la sivyo chumba chake kiondoke. Upande mwingine kuna mji mzima unaotaka kitabu kimoja kimoja. Nilitaka kumsaidia, kwa kuwa bila kontena ningenunulia samaki juani. Lakini kabla sijafungua mdomo, niliona uso wake ukibadilika. Ni uso ninaoujua. Ni ule anaoufanya anapogundua kwamba mnunuzi na muuzaji wanasema bei moja, ila kila mmoja anapiga kelele kivyake.

Akamvuta Byron kando, karibu na gunia langu.

"Wewe unataka nini?"

"Vilivyozidi viondoke."

"Na wao?"

"Wanataka..." Akawatazama.

"Wape."

"Siwezi kugawa mali ya shirika."

"Vilivyozidi ni mali ya shirika?"

"Hapana! Hiyo ndiyo shida!"

"Basi hugawi mali ya shirika."

Byron alifikiri mpaka jasho likamwingia machoni. Kisha akasema kwamba yeye atakuwa anakagua sola juu ya paa, na akishuka atahesabu mara ya mwisho. Alipanda kweli. Alikaa huko juu ya mabati ya moto akishika nyaya asizozijua.

Ajwang akawapanga. Kila mchungaji achague mmoja, mpaka waliozidi waishe, na atakayechelewa asubiri mwaka ujao. Alitarajia kila mtu achukue mtoto aliyemleta. Mimi pia nilitarajia hivyo, na nilikuwa naanza kuwaza jinsi ya kuzinunua tena zile karatasi. Lakini hawa ni watu wa mifugo. Nani anapewa kuchagua katika kundi la mtu halafu achukue kitoto kilichokonda?

Lopeyok alipita kalenda na vipeperushi bila kuviangalia, akachukua kitabu cha magonjwa ya mifugo. "Huyu namjua. Anazaa." Mama wa friji akachukua kitabu kinene cha sayansi. Walichukua hadithi zenye majalada magumu, vitabu vya jiografia, kitabu cha ukunga ambacho kiligombaniwa na wanawake watatu. Walichagua kwa kupapasa mgongo na kufungua mdomo. Kamusi hawakuigusa. Nani apewe asante ya dume?

Byron alishuka akiwa mwekundu wa vumbi. Akahesabu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Vimelingana!"

"Si nilikuambia," Ajwang akasema.

Kisha Byron akatazama kile alichohesabu. Rafu moja ilikuwa kalenda tupu. Nyingine ilikuwa wagombea wa viti mbalimbali, wote wakicheka. Chini kulikuwa na Kifaransa cha Dieudonné na karatasi za kwaya, sauti ya tatu tu.

"Madam. Hiki ni nini?"

"Mwongozo wa jenereta."

"Ni kitabu?"

"Una muhuri?"

Akaugeuza. "Una muhuri."

"Basi?"

Boti ilikuwa imeshawasha injini. Akatia sahihi. Aliandika kwamba maktaba ya Longech haijapoteza hata kitabu kimoja, jambo ambalo, ukilitazama kwa makini, lilikuwa kweli. Akampiga Ajwang picha mbele ya rafu, kwa mbali kidogo, ili wagombea wasionekane nyuso. Halafu, akiwa tayari na viatu mkononi, akaomba kamusi.

"Nitairudisha. Yule mzee aliniambia neno, sijalala nalo vizuri."

"Hata jua halijazama," Ajwang akamwambia, lakini akampa.

Kwa hivyo chumba kilibaki chake. Maktaba ikaendelea, ila iligeuka sura. Watu wakitaka kalenda huenda kwenye kontena. Wakitaka kitabu huenda kwa Lopeyok au kwa mama wa friji, wanaazima huko, wanarudisha na mtoto huko. Ajwang amebaki kama mwenye boma kuu ambaye mifugo yake iko kwa watu. Anajua kila jike liko wapi, limezaa mara ngapi, na nani analinyima malisho kwa kuliweka kwenye jua. Kesi zote bado zinakuja kwake. Sola bado ni yake. Bei bado tunaibishania mlangoni.

Mwezi uliopita nilipitia ofisi ya shirika Lodwar, nikapewa bahasha ya kupeleka. Niliifungulia mezani pa Ajwang, wazee wakiwa mlangoni kama kawaida. Ndani kulikuwa na kamusi. Na pamoja nayo kulikuwa na kijarida chembamba, kinachong'aa, cha habari za shirika. Ukurasa wa mbele ulikuwa na Ajwang mbele ya rafu zake, kwa mbali kidogo.

Ajwang alitabasamu kuiona picha yake. Mimi niliona haraka kuliko yeye, nikajaribu kukifunika kile kijarida kwa gunia. Nilichelewa. Lopeyok alikuwa ameshanyoosha shingo.

"Hiyo ni nini imekuja na kamusi?"

"Ni karatasi tu, mzee," Ajwang akasema.

"Imekuja na mama yake bahasha moja." Akakichukua, akakiweka kando ya kamusi, akalinganisha. "Kumbe ni jike."

Nje, kwenye boti, vijana walikuwa bado wanaitana baradhuli.

"Mwenyewe amekaa naye mwezi mmoja tu, amezaa," Lopeyok akaendelea, akihesabu kwa macho wale waliokuwa mlangoni, mmoja baada ya mwingine. "Sasa Longech nzima tumekaa naye. Ekal, wewe ulikaa naye. Shemeji yako alikaa naye. Watoto wake walienda wapi?"

Ekal akatazama miguu yake. Shemeji yake akakumbuka nyavu zinazohitaji kushonwa.

"Abadani," mmoja akasema kwa sauti ndogo.

Ajwang akakigonga kijarida muhuri sikioni, juu tu ya picha yake mwenyewe, akakaa kusubiri kesi. Mimi nikatoka nje mahali ambapo simu inashika mtandao, nikampigia Dieudonné Kakuma. Nikamwuliza kama ana kamusi ndogo ndogo.

"Ya lugha gani, patron?"

"Yoyote," nikamwambia. "Mradi zina sura ya mama yao."